Umeokoka Lini, Umekua Lini?

Ukipanda basi la kutoka Kahama kuja Ngara, kabla hujafika Nyakanazi utakuwa umeshaulizwa kama umeokoka. Atasimama bwana mmoja katikati ya viti, shati kachomekea, Biblia imechakaa kwa kushikwa. Atawapa abiria pole ya safari, ataombea barabara, kisha ataanza kueleza alivyokuwa zamani: mlevi, mgomvi, mpiga mke, mtu wa kuokotwa mitaroni. Halafu anataja siku. Tarehe, mwezi, mwaka, wengine mpaka saa. Baadhi ya abiria wanaitikia amina, wengine wanajifanya wamelala, kondakta anaendelea kudai nauli. Baada ya hapo ni sadaka, na bwana yule anashuka Lusahunga kungoja basi la kurudi.

Mimi sina ugomvi naye. Mtu aliyeacha kumpiga mkewe ameacha kumpiga mkewe, na mke huyo hahitaji mwanafalsafa wa kumweleza tofauti. Kinachonisumbua ni kwamba hadithi yake inaishia palepale. Ameokoka mwaka fulani, miaka kumi na mitano imepita, je, tangu siku ile kumetokea nini? Hasemi. Ni kama mtu ambaye kila mkikutana anakusimulia harusi yake, na hata siku moja hazungumzii ndoa.

Basi, ndugu msomaji, swali langu ni hilo. Mkristo akishaokoka, au kwa wale wa madhehebu mengine akishabatizwa na kupata kipaimara, anaendeleaje? Kukua kiroho ni kitu gani hasa, na tutajuaje kwamba mtu amekua, si kwamba amezeeka tu kanisani?

Sisi tunaojaribu kuandika hadithi tunalijua tatizo hili kwa upande wetu. Tukio la kuokoka linaandikika vizuri. Kuna giza, kuna mwanga, kuna machozi, kuna mtu anapiga magoti. Sura moja inatosha. Lakini jaribu kuandika miaka ishirini ya mama aliyejifunza polepole kutomsema vibaya jirani yake. Hakuna kinachotokea! Mhariri atakurudishia mswada wako akuambie hauna tukio. Kuokoka kuna tarehe, kukua hakuna, na nadhani ndiyo sababu tumelipenda mno la kwanza tukalisahau la pili.

Katika Injili ya Marko kuna mfano mfupi ambao wahubiri wa stendi hawaugusi sana. Mkulima anamwaga mbegu, analala, anaamka, siku zinapita, mbegu inaota na kukua na yeye mwenyewe hajui imefanyaje. Mtu wa Ngara haelezwi mfano huo mara mbili. Mbuni ukiupanda leo, utakaa kama miaka mitatu ndipo uone kahawa ya kueleweka, na muda wote huo kazi yako ni kupalilia, kutandaza nyasi na kupogoa. Ukienda kuupima kwa rula kila asubuhi, majirani watakuita kichaa.

Hata hivyo mfano huo una mwanya wa kujifichia. Mvivu atasema, kama mbegu inaota yenyewe, basi niacheni na imani yangu, Mungu ananikuza kimyakimya. La hasha. Yule mkulima hajui mbegu inaotaje, lakini anajua kama imeota au haikuota. Hata mpita njia anajua. Shamba halifichiki. Mimi naanzia hapo: kukua kwa mtu kunaonekana na wengine kabla yeye hajakuona, na mara nyingi yeye hakuoni kabisa. Anayetangaza amekua ananitia shaka palepale.

Huku mjini tunavyo vipimo vyetu. Kipo cha joto: nani analia kwa sauti zaidi kwenye mkesha. Kipo cha kichwa: nani anakariri mistari mingi bila kufungua kitabu. Kipo cha makatazo: hanywi, havuti, haendi disko, hasuki nywele. Sivikejeli vyote, kwani kuna nyumba ambazo hilo la kunywa peke yake likipona, watoto wanasoma. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, watu wenye vipawa vya kila aina, wenye lugha na maarifa tele, aliwaambia bado ni watoto wa kunywa maziwa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na wivu na walikuwa wamegawana makundi, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo. Sauti zao hazikumshughulisha. Aliangalia makundi yao.

Naomba ukae na jambo hilo la makundi, maana sisi wa Ngara hatuna haki ya kulipita haraka.

Vuka daraja la Rusumo, panda gari asubuhi, na kabla ya mchana umefika Gahini, juu ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda. Hapo kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndipo ulipowaka moto ambao wazee wetu waliuita Uamsho. Daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikuwa amechoka na kazi, roho imemkauka. Mwaka 1929 alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, ndiye aliyekuwa akihubiri na kufundisha Gahini mpaka alipofariki Januari 1936. Kutoka hapo moto ulienda Kabale, ukaingia Burundi, ukaenea Uganda na Kenya, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukawafikia Walutheri wa Bukoba. Katika moto huo alilelewa Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Wanaosimulia Uamsho hupenda kueleza vilio, mitetemeko na nyimbo za usiku kucha. Mimi kinanivutia kile kikao chao cha kila wiki. Walikaa wachache, wakafanya kile walichokiita kutembea nuruni: mtu anasema mbele ya wenzake alichokosa wiki hiyo, kwa jina lake, bila kukipamba, na wenzake wana ruhusa ya kumwambia wanachokiona kwake. Aliyeiba alirudisha. Waliokuwa hawasemezani walikwenda kusemezana. Na wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao, kwamba waliwahubiria watu ambao moyoni walikuwa wakiwadharau. Hebu fikiri, ni miaka ya 1930, ukoloni uko kwenye kilele, na Mzungu anamwomba msamaha mtu ambaye sheria ya serikali inamwita mtumishi! Hilo halikutokana na kukariri mistari. Lilitokea kwa sababu walikuwa wamekaa benchi moja muda mrefu wa kutosha mpaka uongo ukawa mzito kuubeba.

Kisha, kama mambo mengi mazuri, kikao kikajifunza kuigiza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ushuhuda ukapata umbo lake, na mtu akajua mahali pa kupunguza sauti na mahali pa kulia. Uganda ndugu waligawanyika, wengine wakiwaona wenzao wamelala, na orodha ya makatazo ikarefuka hata kukopa fedha kukahesabiwa dhambi. Rudi kwa Wakorintho hapo: huyu wa Paulo, huyu wa Apolo.

Hayo yangekuwa mambo ya kawaida ya makanisa, tungeyacheka kidogo tukaendelea. Lakini kuna 1994.

Rwanda ya mwaka ule ilikuwa nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kila kumi walijiita Wakristo. Walikuwa wamebatizwa, wamefundishwa, wameimba kwaya. Kuanzia Aprili 7, kwa muda wa siku kama 100, waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki. Nyarubuye, parokia iliyo ng'ambo tu ya mpaka wetu, watu walikimbilia kanisani wakiamini hakuna atakayewagusa mle. Waliuawa mlemle kwa maelfu. Meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa eneo hilo. Naye baadaye alivuka mto pamoja na umati akaishi Benaco kama mkimbizi. Alikuja kukamatwa hapa Tanzania mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006 rufani ikakifanya cha maisha.

Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Mapanga yalirundikwa mpakani kama kuni za kuuza. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Benaco, jina la kampuni iliyojenga barabara, likageuka kuwa jina la kambi iliyojulikana dunia nzima, mpaka wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996. Leo Benaco ni mahali pa malori na chipsi. Kijana anayeuza chipsi pale hakuwa amezaliwa.

Sisemi waliovuka wote walikuwa wauaji, hapana. Wengi walikuwa akina mama na watoto waliobeba sufuria na godoro wakikimbia kitu wasichokielewa. Lakini wauaji walikuwamo, na Jumapili kambini watu walisali. Walitoa wapi sauti ya kuimba? Swali hilo ukilisikia ukiwa Dar es Salaam linaweza kuwa la semina. Ukiwa Ngara ni la jirani. Wahangaza na Washubi wanasikilizana na watu wa ng'ambo bila mkalimani. Tumeoana nao, tumebadilishana mbuzi na mbegu za maharage. Waliofanya yale wanafanana na sisi kwa kila kitu, pamoja na vitabu vya nyimbo.

Basi vile vipimo vyetu vya mjini vyote vinavunjikia hapo darajani. Joto halikuwaokoa jirani wa mtu, joto lilikuwepo. Mistari ilikuwepo. Hata wasiokunywa pombe walikuwepo.

Na bado nisiseme kana kwamba hapakuwa na mtu. Israel Havugimana, Mhutu, mwinjilisti aliyekuwa Kigali akihubiri upatanisho baina ya Wahutu na Watutsi, aliuawa mwanzoni kabisa, Aprili ileile. Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, ndugu wa Uamsho walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya mkoloni, wakabaki katikati, wanatukanwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa kwa hilo. Hawa nao waliimba nyimbo zilezile.

Tofauti ilikuwa wapi? Sidai kwamba ninayo siri ya moyo wa mtu. Ila jambo moja naliona wazi: asubuhi ile ya Aprili 7 hapakuwa na muda wa kukua. Watu wanagonga mlango, wanakuambia chukua panga twende, na wewe unatoka na kile ulichonacho. Kama kwa miaka ishirini umezoea kusema ndiyo kwa kila wanachosema wa kwenu, hutaanza kusema hapana siku hiyo. Kukua kulikuwa kumefanyika zamani, au hakukufanyika, katika mambo madogo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Ng'ambo yetu ya huku mto tulikuwa na mtu aliyelifikiria suala hili kwa njia yake, tena kwa jembe. Christopher Mwoleka alikuwa askofu Mkatoliki wa Rulenge kuanzia mwaka 1969 mpaka 1996, akafariki mwaka 2002. Baada ya Azimio la Arusha, wakati wengi makanisani waliuangalia ujamaa kwa jicho la pembeni, yeye alijiandikisha kuwa mwanachama wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akakaa na wanakijiji, akalima nao. Askofu! Mwaka 1975 aliandika juu ya Utatu Mtakatifu, na wazo lake, nikilieleza kwa maneno yangu, ni kwamba tumehangaika bure kulitegua fumbo la watatu katika mmoja kana kwamba ni hesabu ya darasa la saba. Mungu hakutufunulia Utatu ili tuumize vichwa. Alituonyesha namna ya kuishi, tuiige. Nafsi Tatu zinashirikiana kila kitu, basi na ninyi shirikianeni, kuanzia unga na chumvi.

Mimi nililisoma wazo hilo nikasema, kumbe! Maana kwa mtazamo huo kukua kiroho hakuko kifuani mwa mtu peke yake. Kuko kati ya mtu na mtu. Huwezi kuniambia umekua kiroho ukiwa chumbani, kama ambavyo huwezi kuniambia umekuwa mchezaji mzuri wa mpira na hujawahi kupasiana na mtu.

Tunajua vijiji vya ujamaa vilivyoishia. Watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zilibomolewa, na upendo unaosimamiwa na mgambo hauna ladha. Lakini askofu yule hakusukumwa na mgambo, aliingia kwa miguu yake. Na lile wazo lilibaki kwa umbo jingine. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya miaka ya 1973 na 1976 jijini Nairobi, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, zile za nyumba kumi, kumi na tano, zinazosali nyumba kwa nyumba. Angalia jinsi Uamsho wa Kianglikana na jumuiya za Kikatoliki, watu ambao wasingekunywa hata chai pamoja, walivyofika mahali pamoja: wachache, wanaojuana, kila wiki, bila pa kujificha.

Ninaye rafiki anayebishana nami hapa kila mara. Yeye anasema imani ni siri ya mtu na Mungu wake, na kwamba hizo jumuiya ni mahali pa umbeya: mtu anaungama asubuhi, mchana habari iko kisimani. Ana haki. Kuna msichana akisema neno lake nuruni linamfuata mpaka siku ya kuposwa. Nuru nayo inaweza kuunguza, na aliyeunguzwa hana wajibu wa kurudi.

Lakini jibu la rafiki yangu linamwacha mtu peke yake na hakimu anayempendelea kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Mimi nikijikagua usiku kitandani, nashinda kesi kila siku. Nani atakayeniambia kwamba nina dharau, kama dharau yangu mimi naiita msimamo? Nani atakayeniambia kwamba huruma yangu ina mpaka, kama kila ninayekutana naye yuko ndani ya mpaka huo?

Sasa hapo ndipo kuna jambo gumu zaidi, na sijaona mahubiri yanayoligusa. Wauaji wa 1994 nao walikuwa pamoja. Hawakwenda mmojammoja kwa siri. Walikwenda kwa makundi, wakiitana, wakila pamoja jioni, na mauaji yenyewe waliyaita kazi. Ukiangalia kwa mbali ungesema jumuiya iliyoshikamana hasa! Wanashirikiana kila kitu. Kwa hiyo kusema tu kwamba mtu anakua ndani ya jumuiya hakutoshi, maana jumuiya inaweza kukukuza kuelekea popote, hata kuzimu.

Nimezunguka na hilo muda mrefu, na nilichokipata ni hiki. Kile kikao cha Gahini hakikuwa na nguvu kwa sababu ya udogo wake tu. Kilikuwa na nguvu kwa sababu kilimweka Mzungu na Mwafrika, Mhutu na Mtutsi, bwana na mpishi, mahali ambapo yule wa chini anaruhusiwa kumwambia yule wa juu: hapa umenikosea. Mwoleka naye hakwenda kuishi na maaskofu wenzake. Alikwenda kwa wakulima, watu ambao kwa kawaida humwona askofu wakati wa kipaimara na pete yake wanaibusu. Na lilipopotea hilo, kikao kilipobaki cha watu wa aina moja, wa kabila moja, wa mfuko mmoja, kikabaki na nyimbo zake zote na kikakosa mtu wa kukiambia kitu. Kila mmoja akawa kioo cha mwenzake.

Kwa hiyo mimi nampima Mkristo, nikianza na mimi mwenyewe, kwa kuuliza: nje ya watu wake, nani anaweza kumkosoa na akasikilizwa? Na wa kwake wakimwita kwenye ubaya, je, ameshawahi kuwakatalia, hata kwa dogo, hata kwa kukataa kucheka utani wa kabila la mtu? Hayo mawili yanavutana. La kwanza linamtaka awe na watu, la pili linamtaka aweze kubaki bila watu. Sijui mtu anayeyaweza yote kila siku. Nadhani ndiyo sababu inachukua miaka, na ndiyo sababu haina tarehe.

Usidhani haya ni ya Rwanda tu, wala ya 1994 tu. Mwoleka alikuwa bado askofu wa Rulenge daraja lilipofurika, na hizo jumuiya zake zilikuwepo. Watu wa Ngara walipokea wageni kwa kiasi ambacho wilaya nyingine ingelia, miti ikakatwa mpaka vilima vikabaki vipara, visima vikagombaniwa. Wapo waliogawana nao chakula. Wapo pia waliofanya biashara nzuri sana ya shida ile, na Jumapili wakatoa fungu la kumi la faida.

Na leo? Warundi wanavuka kwa upande wa Kabanga kuja kutafuta vibarua. Wanapalilia migomba yetu, wanavuna kahawa yetu, wanalala stoo pamoja na majembe. Wengi hawana karatasi. Yupo mwenye shamba anayewalipa jioni ileile na kuwapa uji wa watoto. Yupo na mwingine ambaye, siku ya malipo ikikaribia, anakumbuka ghafla kwamba mtu huyu yupo nchini kinyume cha sheria, na anaanza kutaja uhamiaji kwa sauti ili kibarua asikie. Kibarua anakimbia usiku, pesa inabaki. Mtu huyo wa pili si mpagani. Ana rozari kwenye kioo cha gari, au ana kibandiko cha mkutano wa Injili, kutegemea dhehebu. Ukimuuliza ameokoka lini anaweza kukutajia.

Alfajiri moja ya wiki jumuiya inakutana nyumbani kwake, zamu imemfikia. Mikeka imetandikwa uani, watoto wamenawishwa, mama amechemsha chai ya maziwa kwa ajili ya baadaye. Wanasoma Injili, wanaombea wagonjwa, wanachangia mwenzao aliyefiwa. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Kimya, kuku wanapita. Nyuma ya nyumba, hatua kama hamsini, kibarua yuko kwenye migomba anakata majani makavu, maana ameambiwa amalize kabla jua halijawa kali. Wanaimba kwa Kihangaza, na kwa kuwa lugha hiyo iko karibu sana na Kirundi chake, anaelewa kila neno. Hakuna aliyemwita kwenye mkeka.